Tupeni Picha Nzima

Kuna sentensi moja imetuharibu hapa kambini, na leo nataka kugombana nayo. Sentensi yenyewe ni hii: "Ilimradi inaonekana." Projekta imewekwa kombo, watu kwenye skrini wamekuwa warefu kama nguzo za stima, jua bado halijazama, spika inakwaruza kama bati. Ukiuliza, unajibiwa, "Lakini si inaonekana?" Ndiyo, inaonekana. Hata uji wenye mchanga unanyweka. Mbona hamtupi huo?

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma. Siku nyingine ni mpira, siku nyingine ni mazungumzo na wale walioacha shule, na Ijumaa ni klabu ya filamu. Sikusomea sinema chuoni. Nilimaliza kidato cha nne, basi. Mengine nimeyasoma kwenye simu usiku, wakati bando ni rahisi, na mengine nimejifunza kwa kuangalia filamu moja mara tano mpaka wenzangu wakanichoka. Kwa hiyo siandiki kama profesa. Naandika kama mtu anayekaa na vijana mia moja mbele ya shuka jeupe, na kuona wanachopewa.

Hoja yangu ni fupi. Ubora wa picha si anasa ya matajiri. Mtu anayekuonyesha filamu iliyokatwa pembeni, au iliyovutwa, au iliyolainishwa na mashine mpaka nyuso zikawa kama sabuni, hajakuonyesha filamu ile. Amekusimulia tu kwamba filamu hiyo ipo. Na kwa mkimbizi, ambaye kila siku anapewa kilichobaki baada ya wengine kuchagua, hili si jambo dogo.

Tuanze na filamu ambayo wengi wetu tunaijua: Ben-Hur ya mwaka 1959. Ikifika Pasaka, makanisa yetu yanaitafuta. Wazee wanaipenda kwa sababu ya Yesu, watoto wanaipenda kwa sababu ya farasi. Sasa sikilizeni ilivyotengenezwa. Filamu nyingi za wakati ule zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 35. Ben-Hur ilipigwa kwenye mkanda wa milimita 65. Usidhani tofauti ni mara mbili tu. Picha inaongezeka kwa upana na kwa kimo pia, kwa hiyo eneo la kila picha kwenye mkanda huo mpana linazidi lile la kawaida kwa zaidi ya mara tatu. Ni kama kuchora kijiji chenu nyuma ya kadi ya mgao, halafu kukichora kwenye ukurasa mzima wa daftari. Kwenye kadi utachora nyumba. Kwenye daftari utachora nyumba, na mwembe, na kuku chini ya mwembe, na bibi aliyeketi mlangoni.

Mpigapicha mkuu wa Ben-Hur aliitwa Robert Surtees. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa amepiga King Solomon's Mines ya mwaka 1950 huku kwetu, Afrika Mashariki na Kongo, na alipata tuzo ya Oscar kwa zote mbili. Alijua kutumia nafasi. Picha ya Ben-Hur ni pana ajabu: kwa kila mita 1 ya kimo ina mita 2.76 za upana. Yale mashindano ya magari ya farasi yana magari 9, na kila gari lina farasi 4. Jumla farasi 36. Upana ule haukuwekwa kwa madaha. Uliwekwa ili wewe uliyeketi chini uone farasi wote hao pamoja, na uwanja, na umati wa watu, na vumbi lao.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, ni hesabu ya shule ya msingi. TV zile za zamani zenye umbo karibu na mraba zina upana wa 4 kwa kimo cha 3. Ukitaka picha ya Ben-Hur ijaze TV hiyo bila kuvutwa, lazima ukate pembeni, na utatupa zaidi ya nusu ya picha. Nusu nzima! TV za kisasa na projekta zetu zina upana wa 16 kwa kimo cha 9. Hapo ukijaza skrini unatupa zaidi ya theluthi moja. Ben-Hur yuko upande huu, adui yake Messala yuko upande ule. Ukikata pande zote mbili unabaki na vumbi la katikati. Na ukisema hukati bali unavuta, picha nzima ikalazimishwa kujaza skrini, basi kila mtu anakuwa mrefu mara moja na nusu ya alivyo. Magurudumu ya magari yanakuwa mayai. Watoto wanacheka mahali ambapo walitakiwa kushika roho.

Nimesikia mara nyingi vijana wakilalamika, "Teacher, mbona kuna mistari myeusi juu na chini? TV imeharibika?" Haijaharibika, rafiki yangu. Mistari ile ndiyo inayokuambia kwamba picha imeachwa na umbo lake, hakuna aliyeikata. Usiione kama hasara. Nafasi iliyobaki nyeusi haikuwa na kitu tangu mwanzo. Nafasi inayokatwa pembeni ina watu.

Hiyo ni habari ya umbo. Kuna habari ya nakala pia.

Karibu kila familia hapa ina picha moja ya nyumbani. Picha ya babu Uvira, au ya harusi Bujumbura, au ya shule Bor. Ya karatasi ilibaki kule, au iliungua. Kilichobaki ni mtu mmoja aliipiga kwa simu, akamtumia binamu, binamu akamtumia shangazi, shangazi akaipiga tena kutoka kwenye kioo cha simu. Kila ikitumwa inabanwa, na kila ikibanwa kitu kinatoka: kwanza maua ya kitenge, halafu kovu la shavuni, mwisho macho. Leo unamwonyesha mtoto wako doa la kahawia unamwambia, "Huyu ni babu yako." Nani hapa hajui uchungu huo?

Filamu zinazofika kwetu zimepita njia hiyo hiyo. Filamu ya saa nne inabanwa ikae kwenye MB 700, inahamishwa kutoka flashi hadi flashi, inarekodiwa upya pamoja na sauti ya DJ, inabanwa tena. Simlaumu DJ. Bila yeye bibi yangu asingejua kwa nini yule jamaa anakimbia. Ninachosema ni kwamba tujue tumepoteza nini njiani, na tusiambiwe kwamba hakikuwepo.

Na kitu kinachopotea kinaweza kurudishwa, kama asili bado ipo. Hapa ndipo nataka niwaeleze juu ya Lawrence of Arabia, filamu ya David Lean ya mwaka 1962. Vibandani haijulikani sana. Hadithi yake mimi siipigii magoti: ni Mwingereza anayekwenda kuwaongoza Waarabu jangwani, na baadhi ya Waarabu wakubwa wa hadithi wameigizwa na Wazungu waliopakwa rangi. Mtu akitaka kubishana na hadithi hiyo, nitamshika mkono tubishane pamoja. Lakini picha, jamani! Freddie Young aliipiga kwa mkanda wa milimita 65, sehemu kubwa katika jangwa la Jordan. Kuna mahali Omar Sharif, yule mwigizaji wa Misri, anatokea kwa mara ya kwanza. Anakuja akiwa juu ya ngamia kutoka mbali sana, ndani ya mazigazi, yale maji ya uongo ambayo sisi wa Turkana tunayaona barabara ya Lodwar saa saba mchana. Mwanzo ni nukta. Nukta inatetemeka. Inakuwa kijiti, kijiti kinakuwa mtu, na wale wawili kisimani hawajui kama mtu huyo ni salama au ni kifo.

Mkimbizi gani hajawahi kuangalia nukta inayokuja kwa mbali na kujiuliza swali hilo?

Basi, ukiiangalia sehemu hiyo kwenye nakala iliyobanwa, nukta haipo. Mashine inayobana picha huona nukta ndogo inayotetemeka kwenye joto, ikaamua kwamba ni uchafu, ikaifuta. Unabaki na hewa ya njano kwa muda mrefu, halafu ghafla mtu amefika. Vijana wanasema, "Filamu hii inachosha." Si filamu inayochosha. Ni kwamba mmeondolewa kile mlichotakiwa kukiangalia.

Filamu hiyo yenyewe iliteswa sana. Baada tu ya kutoka ilikatwa dakika 20 hivi, kisha miaka ya baadaye ikakatwa tena, ili wenye majumba ya sinema wapate kuionyesha mara nyingi kwa siku. Robert Harris na wenzake waliifanyia ukarabati wakatafuta vipande vilivyotupwa, na mwaka 1989 filamu ikarudi karibu kamili, David Lean mwenyewe akiwa hai na akishiriki. Baadhi ya vipande vilikutwa bila sauti. Waliwaita waigizaji akina Peter O'Toole na Alec Guinness, zaidi ya miaka 25 baada ya kuigiza, wakasema upya maneno yao wenyewe ya ujanani. Jack Hawkins alikuwa amekwisha kufariki, ikabidi Charles Gray amsemee. Fikiria mtu mzima anayekaa chumbani kuitafuta sauti yake ya zamani ili sentensi chache zisipotee.

Halafu kwa ajili ya miaka 50 ya filamu, mwaka 2012, ile negativu, yaani mkanda ule ule uliokuwa ndani ya kamera jangwani, ilipitishwa kwenye skana kwa ubora wa 8K, takriban pikseli 8,000 kwa upana. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba joto la jangwa lilikuwa limepasua utando wa dawa juu ya mkanda, nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Hazikuonekana vizuri zamani. Skana iliziona zote. Mafundi wakazirekebisha kwa kompyuta, picha kwa picha, na kazi ikamaliziwa katika 4K. Waliondoa nyufa. Hawakuondoa mchanga.

Hiyo ndiyo maana ya ukarabati mzuri: kutoa kile ambacho bahati mbaya ilikiongeza, na kuacha kile ambacho mpigapicha alikiweka.

Ukarabati mbaya upo pia, na huu ndio unaowadanganya vijana wangu zaidi, kwa sababu unang'aa. Mkanda wa filamu una chembechembe. Ukiangalia kwa karibu unaziona zikicheza, kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Watu wengi wanadhani ni uchafu. Si uchafu. Chembe hizo ndizo zilizoshika mwanga. Picha yenyewe imejengwa kwa hizo, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Kuna programu za kompyuta ambazo zinazifuta kwa kubonyeza kitufe. Lakini programu haijui tofauti ya chembe na kinyweleo. Ikifuta chembe, inafuta pia mkunjo wa jicho, nyuzi za shati, jasho la kwenye paji la uso. Kisha, kwa kuwa picha imekuwa laini kupita kiasi, wanachonga kingo zake ionekane kali. Matokeo yake ni mtu wa nta mwenye mstari mweupe kumzunguka.

Hili liliipata Patton, filamu ya vita ya mwaka 1970 iliyopigwa kwa mkanda mpana pia. Ilipotoka kwenye Blu-ray mwaka 2008, wajuzi walilalamika kwamba imepigwa pasi: nyuso za askari zimekuwa laini kama za masanamu. Mwaka 2012 ikatolewa upya ikiwa na ngozi yake. Spartacus ya mwaka 1960 nayo ilitoka kwenye Blu-ray mwaka 2010 ikalaumiwa kwa ugonjwa huo huo, na mwaka 2015 ikaja na ukarabati mpya ulio bora zaidi. Angalieni: watazamaji walikataa kusema "ilimradi inaonekana", na kazi ikarudiwa. Kule kukataa ndiko ninakokutaka hapa.

Kwa nini naliona hili kubwa? Kwa sababu naona simu za vijana wangu. Kila kamera siku hizi ina kitufe cha kulainisha uso. Msichana mweusi tititi anajipiga picha, programu inamsafisha, inampunguzia weusi, inamfuta chunusi na alama za kabila lake, halafu anasema, "Hii ndiyo iko klia." Kumbe amefutwa. Kijana anayejifunza kutazama uso wa askari wa nta na kuusifu, kesho atautazama uso wa mama yake halisi na kuuona mbovu. Kumfundisha mtu kupenda chembechembe, mikunjo na vumbi la picha ya kweli ni kumfundisha pia asiogope sura yake.

Najua nitakachoambiwa. "Wewe kijana, mgao wa chakula unapunguzwa, na wewe unalilia mistari myeusi?" Swali ni la haki, na sitalikimbia.

Hakuna aliyewahi kuniambia nichague kati ya unga na kufuta vumbi kwenye lenzi. Kufuta lenzi hakuli unga wa mtu. Kusubiri giza liingie hakuli unga. Kuacha picha na umbo lake ni kubonyeza kitufe kimoja kwenye rimoti. Na fedha nyingine zilishatumika: projekta imenunuliwa, jenereta imewekewa mafuta, fulana zimechapishwa, bango limening'inizwa. Na kila mara, ndugu zangu wa mashirika, kuna mtu mwenye kamera anayetupiga picha tukiwa tunatazama. Nimeziona kamera hizo. Ni nzuri kuliko projekta tunayowekewa. Yaani picha yetu tukitazama sinema itafika kwa wafadhili ikiwa safi, na kope za mtoto zikihesabika, wakati sinema aliyokuwa anaitazama mtoto yule ilikuwa ukungu. Nisaidieni kuelewa hapo.

Wengine watasema, "Hizi ni filamu za Wazungu. Kwa nini mkimbizi wa Kongo au Sudan Kusini ahangaike na negativu za Hollywood?" Hili nalipenda zaidi, maana lina ukweli. Mkanda mpana ulikuwa ghali, na watengenezaji wetu wa Afrika hawakuwa na fedha hizo. Lakini haki ya filamu kuonekana ilivyotengenezwa haikugawiwa kwa bara. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, ilifanyiwa ukarabati mwaka 2008. Mwaka 2017 taasisi ya Film Foundation ya Martin Scorsese, pamoja na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, na UNESCO, walianza mradi wa kuziokoa filamu 50 za Afrika. Mojawapo ya zilizorudishwa ni Sambizanga ya Sarah Maldoror, ya mwaka 1972, ambayo ilipigwa Kongo-Brazzaville. Ni habari ya mwanamke wa Angola ambaye mumewe amekamatwa na polisi wa kikoloni. Anambeba mtoto na kutembea kituo hadi kituo akiuliza, "Yuko wapi?" Kuna mtu hapa kambini anayehitaji kufafanuliwa hadithi hiyo? Basi mwanamke huyo anastahili uso wake wote, na rangi yote ya barabara anayoitembea, sawasawa na Lawrence na ngamia wake.

Na filamu za kwetu wenyewe, za hapa hapa? Kwenye stoo ya shirika moja ambalo sitalitaja, kuna katoni za kanda za video. Nimeziona kwa macho yangu. Kuna michezo ya kuigiza ya vijana ambao sasa ni baba na mama, fainali za mpira, ngoma, mikutano ya wazee ambao wengine tumeshawazika. Stoo ni ya mabati. Kanda ya sumaku haipendi joto, vumbi wala unyevu, na ninyi mnajua joto la hapa. Jangwa la Jordan lilipasua negativu ya filamu tajiri iliyokuwa na walinzi na mafundi. Joto la Turkana linafanya nini kwa kanda zetu zisizo na mtu? Nilipouliza, niliambiwa, "Za zamani hizo, hazina ubora." Tazama sentensi ile ile imegeuza koti. Tunapopewa, ubora si lazima. Tunapotaka kuhifadhi vyetu, ghafla ubora ni sharti.

Hakuna aliyesema kanda hizo ni Ben-Hur. Lakini ndiyo negativu yetu. Hakuna nyingine.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka mambo machache, na nayasema wazi ili mtu asiseme hakuelewa.

Kwanza, msianze kuonyesha kabla ya giza. Projekta haiwezi kushindana na jua la Turkana. Kama usalama unataka watoto warudi mapema, onyesheni filamu fupi, lakini onyesheni gizani.

Pili, msivute picha na msiikate. Kama ni pana, iacheni pana. Sogezeni projekta nyuma, tandazeni shuka mbili badala ya moja. Wamama wa ushonaji wataziunganisha kwa nusu saa, na shuka ikazwe isiwe na mikunjo.

Tatu, tafuteni nakala halali, na iliyotokana na ukarabati mzuri. Mtaniambia projekta yetu ina pikseli 1,920 tu, 8K itatusaidia nini? Itatusaidia sana. Maji yakitoka kwenye kisima safi, hata ukiyachota kwa kikombe kidogo yatakuwa safi. Picha iliyochukuliwa vizuri kutoka kwenye negativu mpana inaonekana nzuri hata kwenye projekta ya kawaida. Picha mbovu haiponyi hata kwenye skrini ya dhahabu.

Nne, bora filamu moja nzima kwa mwezi kuliko vipande vinne kila wiki. Msiikatize katikati ili mtu atoe hotuba. Hotuba ije kabla, na iwe fupi.

Tano, wafundisheni vijana kazi hii. Tuna vijana hapa wanaohariri video kwenye simu iliyopasuka kioo. Wapeni mashine ya kuchezea kanda, kompyuta na meza isiyo na vumbi, waanze kuzihamisha zile kanda za stoo. Wafundishwe kutunza nakala mbili mahali pawili, na kuitunza asili hata baada ya kuinakili. Na wafundishwe kutolainisha.

Na ninyi vijana wenzangu, msikae mkisubiri shirika. Mwenye kibanda akiweka filamu imevutwa, mwambie kwa heshima, "Kaka, rudisha umbo lake." Ni rahisi. Atanung'unika, lakini atarudisha. Ukipewa faili limeandikwa 4K, usilishangilie kwa jina. Angalia uso wa mtu mzee ndani yake. Kama hauna mikunjo, umeibiwa.

Nina filamu ya kupendekeza tuanze nayo. Inaitwa Baraka, neno ambalo hapa halihitaji mkalimani. Ron Fricke aliipiga kwa mkanda wa milimita 65 katika nchi 24, na Kenya imo, Wamaasai wamo. Haina maneno hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo Msomali, Mdinka, Mrundi na Mkongo wataielewa sawa, na DJ atapumzika usiku huo. Ina visima vya mafuta vya Kuwait vinavyowaka baada ya vita, ina watu wanaosali kwa dini tofauti, ina nyuso zinazokutazama bila kukuuliza kitambulisho. Mwaka 2008 ilitolewa upya baada ya mkanda wake kuskaniwa kwa 8K. Ilitoka mwaka 1992, mwaka ambao kambi hii ya Kakuma ilianza. Filamu hiyo na kambi yetu ni wa rika moja, na bado hatujakutana.

Ijumaa yoyote, saa mbili usiku. Shuka tutashona, lenzi tutafuta, watoto tutawapanga mbele na wazee kwenye viti. Ninyi leteni nakala nzuri, halafu msiguse kile kitufe cha kuvuta picha.